Impreza Uani

Mwenye Impreza ya zamani jijini Nairobi huulizwa swali lile lile kila aendako. Kwenye kituo cha petroli, mahali pa kuoshea magari, hata kwenye maegesho ya kanisa, kijana atalizunguka gari, atainama kuchungulia ekzosi, kisha atauliza: "Mzee, umeiongeza nini?" Anataka kusikia habari za tabo kubwa, kompyuta ya injini iliyopangwa upya, bomba la moshi la inchi tatu. Mafuta ya breki yalibadilishwa lini, hilo haliulizwi. Nami nalihudumia gari langu mwenyewe hapa uani, miaka imekwenda sasa, na kila ninapolifungua na kulifunga naona wazi zaidi kwamba lile lisiloulizwa ndilo la kwanza, na kwamba anayeliruka hajaanza kuliboresha gari lake, hata kama ametumia laki ngapi.

Ninayoizungumzia ni Subaru Impreza WRX: injini ya lita mbili yenye tabo, magurudumu yote manne yakivuta, na pistoni nne zilizolazwa, mbili huku na mbili kule, badala ya kusimamishwa kama za magari mengi. Kwa kuwa injini imelala, uzito wake uko chini, na gari halipepesuki ovyo kwenye kona. Ule mngurumo unaomfanya mtoto ageuke njiani hutokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu. Moshi wa upande mmoja hufika mapema, wa upande wa pili huchelewa kidogo, na sauti inatoka ikidunda. Wengi huipenda sauti hiyo kabla hawajajua lolote jingine kuhusu gari lenyewe. Siwalaumu, maana ni sauti nzuri.

Impreza ilianza kuuzwa Japani mwaka 1992. Kenya nayo, kwa kawaida, hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likishapita umri wa miaka 8. Ukiziweka habari hizo mbili pamoja utaelewa kwa nini nalichukulia jambo hili kwa uzito. WRX za miaka ya 1990 na za mwanzoni mwa miaka ya 2000 tunazoziona barabarani ndizo hizo hizo zilizobaki, na hakuna meli inayoteremsha nyingine bandarini Mombasa. Moja ikivunja injini, mwenyewe akachoka nayo, inapelekwa kugawanywa spea. Utaukuta mlango wake, taa zake na giaboksi yake katika maduka ya Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Wanaozinunua spea hizo wanashukuru, nami nimeshukuru mara nyingi. Lakini kila spea nzuri ya Grogan ni gari moja lililokufa, na mengi yaliuawa na oili.

Oili ndiyo moyo wa mambo. Katika injini hii beringi za krenki hubeba kazi kubwa katika nafasi finyu, na tabo inategemea oili ile ile. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili iisukumie injini hewa, na ikikolea huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kitu kinachozunguka hivyo hakigusani na chochote ila utando mwembamba wa oili. Utando ukikatika kwa sekunde chache, kwa sababu oili imepungua na gari limekunja kona kwa kasi, beringi inakwaruzika. Hutasikia kitu siku hiyo. Utasikia baada ya miezi, mlio mdogo mdogo wa kugonga kutoka chini ya injini ambao fundi mzoefu akiusikia hukaa kimya kwanza kabla ya kusema. Ndiyo maana kijiti cha oili nakichomoa kila ninapotaka kwenda safari, na ndiyo maana baada ya mwendo mkali siizimi injini papo hapo. Naiacha ingurume taratibu ili oili iendelee kupita kwenye tabo mpaka ipoe. Katika baadhi ya injini hizi kuna kichujio kidogo cha waya ndani ya bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye tabo. Ni kidogo kuliko ukucha, na kikiziba tabo inakufa kwa kiu huku oili imejaa chini.

Siku ya kumwaga oili huwa naitengea asubuhi nzima. Gari linapanda juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki tu, hata kwa dakika moja, hata kama jeki ni mpya. Bolti ya chini inafunguliwa kwa spana ya 17, oili inatoka ikiwa na joto la wastani, nami naitazama inavyoanguka. Nyeusi si kitu, oili inayofanya kazi lazima iwe nyeusi. Ninachotafuta ni mng'aro. Kisha nafungua filta, na hapo ndipo kazi ninayoipenda kuliko zote inapoanza. Naikata filta kuukuu kwa kifaa chake cha kukatia, si kwa msumeno, kwa sababu msumeno huacha unga wa chuma na kuuharibu ushahidi. Karatasi iliyokunjwakunjwa ndani naitoa, naiacha ichuruzike, halafu naitandaza juani juu ya gazeti na kuipitia mkunjo kwa mkunjo. Punje zinazonata kwenye sumaku zimetoka kwenye chuma cha pua au chuma cha kawaida mahali fulani. Vipande vyembamba vinavyometa na kuikataa sumaku ndivyo vinavyotisha, kwa kuwa hivyo ni ngozi ya beringi. Karatasi ikiwa safi, najua kitu ambacho hakuna kipimo cha dashibodi kinachoweza kuniambia.

Plagi nazo zina habari zake. Kwa kuwa injini imelala, plagi zinatazama pembeni, zimebanwa kati ya injini na chuma cha bodi. Upande mmoja lazima uondoe betri na tangi la maji ya waipa, upande mwingine sanduku la filta ya hewa, halafu uingize soketi ya 16 kwa vipande vifupi vifupi vya kuunganisha, mkono mmoja ukiona na jicho likibaki nje. Injini iwe baridi. Vichwa vyake ni vya alumini, na anayefungua plagi injini ikiwa moto huenda akatoka na nyuzi za kichwa pamoja na plagi. Zikishatoka nazipanga mezani kwa mpangilio wa silinda zake. Rangi ya hudhurungi iliyofifia ni afya. Masizi meusi yanasema petroli imezidi. Nyeupe iliyobabuka inasema kuna joto lisilostahili. Na ukiona vitone vidogo vya kung'aa juu ya kauri, kama vumbi la fedha, simama hapo hapo, usiliwashe tena gari kwa mchezo, maana hiyo ni alumini ya pistoni inayoanza kuyeyuka.

Watu hushangaa nikiwaambia kwamba mji wenyewe ni sehemu ya matengenezo. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yetu ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Injini ya kawaida hulegea hapa, na mwenye tabo ndiye anayeinuka kifua, kwa sababu tabo hufidia upungufu huo. Lakini hufidia kwa kuzunguka zaidi, na kuzunguka zaidi ni joto zaidi. Maji ya wazi yakiwa jikoni Nairobi huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100. Radieta haichemki mapema hivyo kwa sababu mfuniko wake unayabana maji kwa shinikizo, na mfuniko huo una raba ambayo huzeeka. Ni kitu cha bei ndogo mno. Nimeona gasketi za vichwa zikibadilishwa kwa gharama ya kutisha mahali ambapo mfuniko mpya na kulanti halali vingetosha miaka miwili nyuma. Watu hutia maji ya bomba, au ya kisima yenye chumvichumvi, ndani ya injini ya alumini, kisha wanashangaa njia za maji zikiliwa kama zimenyunyiziwa tindikali. Na ukishajaza, hewa lazima itoke yote. Injini iliyolala huificha hewa pembeni, kwa hiyo nalinyanyua gari pua juu, nafungua hita hadi mwisho, natia kulanti polepole na kungoja mapovu yaishe. Kazi hiyo haina njia ya mkato.

Upo pia mkanda wa maisha katika gari hili, nao ni mkanda wa taiming. Unaendesha shafti za vali, na ukikatika vali zinagongana na pistoni, mchezo umekwisha. Muda wake kwa injini hizi ni kama kilomita 100,000. Mafundi wa Japani wana desturi nzuri ya kubandika stika ndani ya boneti wakishabadilisha, wakiandika tarehe na kilomita. Mimi sisomi Kijapani, lakini tarakimu nazisoma, na stika ile nimeihifadhi kama cheti cha kuzaliwa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye neno kuboresha. Vijana wengi wa leo wakishapata Impreza huishusha. Springi zinakatwa au zinabadilishwa, gari linalala karibu na lami, linapendeza kwenye picha, kisha linakwaruza kila tuta kutoka Kasarani hadi Rongai. Nchi hii ina historia inayosema kinyume kabisa. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miongo yote iliyofuata wahandisi wakubwa wa dunia walipoyaleta magari yao hapa, waliyainua. Impreza za timu zilizokuja miaka ya 1990 zilipandishwa juu, zikafungwa vyuma mbele kwa ajili ya wanyama, na bomba la kuvutia hewa likapitishwa kando ya kioo hadi juu ili injini isinywe maji mtoni. Colin McRae alishinda kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akashinda kwa Impreza mwaka 2000. Hizo ndizo Impreza zilizofanya vijana wetu walipende jina hilo na nembo yake ya nyota sita za Kilimia. Zilishinda kwa kuwa walioziandaa waliitazama barabara kwanza.

Na kama kuna mtu ninayemfikiria nikiwa na grisi hadi viwikoni, si McRae wala Burns. Ni Joginder Singh. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo timu ya kiwanda ilikuwa imeshaitumia mashindanoni kabla haijawafikia. Gari kuukuu, kwa lugha ya sokoni. Joginder alikuwa fundi kabla hajawa dereva wa kusifiwa, na aliyashinda mashindano hayo tena mwaka 1974 na 1976, mara hizo kwa Mitsubishi Lancer. Dereva anayejua kila bolti aliyoikaza huendesha kwa namna yake. Anajua ni kitu gani kitalegea kwanza, kwa hiyo anakisikiliza. Ndiyo sababu hasa sipeleki gari langu gereji kwa mambo ninayoyaweza, ingawa pesa nazo hubaki mfukoni. Mwanya kati ya usukani na tairi una bushi, viungo na shafti, na mtu aliyezishika zote kwa mkono wake huziona akiwa barabarani.

Tairi nitaziongelea kwa msisitizo kwa sababu huko ndiko pesa inakokwepwa. Kinachogusa lami kwa kila tairi ni eneo lenye ukubwa wa kiganja tu. Nguvu yote, breki yote, kona yote, imo katika viganja vinne. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya umbo la yai: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi iliyoandikwa 2312 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2012, na hata kama meno yake ni marefu, mpira umeshakuwa mgumu. Halafu kuna la magurudumu yote manne. WRX ya gia za mkono ina difu ya katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukinunua tairi mbili mpya na kuacha mbili zilizolika, mzunguko wa mbele na wa nyuma hautalingana, difu ile itafanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka, itapata moto na hatimaye itaharibika. Anayeokoa bei ya tairi mbili analipa difu.

Breki nazo, twende Mai Mahiu. Barabara ile ya zamani inayoteremka ukingo wa Bonde la Ufa ilijengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, na kanisa lao dogo la mwaka 1942 bado lipo kando ya njia. Tangu Safari irudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 na kuweka makao Naivasha, kila mwaka misururu ya Subaru huteremka Bonde la Ufa wikendi ya mashindano, mingi kwa njia hiyo. Mteremko ni mrefu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani hata gari likiwa limeegeshwa. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka, mvuke unaingia kwenye mabomba, na mvuke hubanika. Dereva anakanyaga, pedali inazama hadi sakafuni. Nimesimama makaburini nikizika kijana ambaye gari lake lilikuwa na ekzosi ghali kuliko breki zake zote nne kwa pamoja. Sitaki kusimama tena. Chupa ya mafuta ya breki, mpira mwembamba wa kutolea hewa, mtu wa kukanyaga pedali na mwingine wa kufungua nati: saa mbili uani, basi.

Lakini sipingi nguvu. Ningekuwa naipinga nisingenunua WRX. Ninachokitaka ni iombwe kwa utaratibu. WRX zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani zilipangwa zikitarajia petroli ya oktani ya juu ya huko. Zikinywa petroli ya oktani ndogo huku tabo ikisukuma hewa kwa nguvu, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na kuta nyembamba za pistoni zinazoshikilia ringi zinapasuka. Ekzosi kubwa ikifungwa peke yake, bila kupanga upya kompyuta ya injini, huweza kuifanya tabo isukume kupita kipimo. Sauti inakuwa kubwa, dereva anafurahi, na ndani pistoni inaumia. Kwa hiyo anayetaka nguvu apime kompresheni ya silinda zote kwanza, ahakikishe pampu ya petroli ina uwezo, kisha ampe kazi ya kompyuta mtaalamu mwenye mashine ya kupimia nguvu. Hiyo ni kazi moja ambayo uani kwangu haifanyiki, na nasema hivyo bila haya.

Kijana wa jirani yetu amenunua yake mwezi uliopita, ya buluu, kutoka kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kuuza. Alikuja Jumamosi na bahasha ya pesa alizoweka akiba kwa ajili ya ekzosi. Nikamwambia alete gari ndani, tukalinyanyua, tukazunguka na tochi. Tairi za mbele mwaka wake, za nyuma mwaka mwingine. Bushi za mikono ya mbele zimepasuka. Mafuta ya breki yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

"Sasa mzee, ekzosi ndiyo basi?"

"Sikusema hivyo. Nimesema ingoje."

"Ingoje mpaka lini?"

"Mpaka uweze kulisimamisha."

Alinyamaza, akahesabu pesa zake upya. Kisha akaniuliza kama akifanya hayo yote, tairi zote nne, breki na bushi, nitamsindikiza kwa yule mtaalamu wa kompyuta. Nikamwambia nitakwenda naye, na tutaingia siku barabara zinapofungwa kwa mashindano ya kupimana na saa, akaijue kasi mahali isipomuua mtu anayevuka kwenda dukani. Mjini mwisho ni kilomita 50 kwa saa, hata kwenye barabara kuu haizidi 110, na gari lake linafika huko kabla hajamaliza gia zake.

Tairi atanunua mwisho wa mwezi. Jumamosi ijayo tunaanza na mkanda wa taiming, kwa kuwa ndani ya boneti lake tulitafuta stika kila mahali tukaikosa, na aliyemuuzia hajui ule uliomo umekwenda kilomita ngapi.